Kamba ya katani na kunde 261: kufundisha kura na vyama vya Marekani, 1800–1840

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Historia, au msimamizi wa klabu ya midahalo, mwenye wanafunzi wapatao 40 na vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80. Umepangwa kwa shule ya Tanga, ndiyo maana vifaa vyake vyote vinapatikana Soko la Mgandini na steshenari yoyote ya Ngamiani. Ukiwa Muheza au Bagamoyo hakuna kitakachobadilika, labda bei ya kamba.

Somo lenyewe limezoeleka kufundishwa kwa sentensi moja: Andrew Jackson aliwapa watu wa kawaida haki ya kupiga kura. Sentensi hiyo ina makosa mawili. Kwanza, Jackson hakuitoa haki hiyo. Katiba ya Marekani ya 1787 iliyaachia majimbo yenyewe yaamue nani apige kura, na majimbo mengi yalikuwa yameshalegeza masharti kabla Jackson hajaapishwa kuwa rais Machi 1829. Pili, hao "watu wa kawaida" walikuwa wanaume wazungu. Katika miaka hiyohiyo, watu wengine waliokuwa na kura walinyang'anywa. Makosa haya mawili ndiyo tunayoyarekebisha hapa, na yanarekebishika vizuri zaidi kwa miguu kuliko kwa daftari.

Vifaa

Nunua kamba ya katani mita 16, nene kuliko ile ya kuanikia nguo. Ukiilaza chini kwa duara inakupa uwanja wa upana wa mita 5 hivi, unaotosha watu 17 kusimama bila kusukumana. Usitumie kamba ya nailoni: inajikunja, na ule upepo wa baharini wa alasiri unaikokota.

Kunde robo kilo zinatosha na kusaza. Kila kunde ni mjumbe mmoja wa kumchagua rais: utahitaji 261 za chaguzi za 1824 na 1828, kisha 33 za nyongeza kwa ajili ya 1840. Wengine hutumia choroko kwa kuwa zinafanana, lakini choroko ni ndogo mno, na ikidondoka kwenye nyufa za sakafu hesabu imekwisha. Tandika mkeka, hesabu kwa mafungu ya kumi kumi, na fungu la mwisho liwe la moja. Kusanya pia vifuniko 24 vya soda, ndoo moja ya lita 10 isiyo na kifuniko, na karatasi za A4 tatu za rangi ya waridi na tatu za njano. Kila karatasi ikatwe vipande 8 virefu, upate 24 kwa kila rangi. Kama darasa ni la nje, chini ya mkungu au mwembe, tafuta mawe madogo ya kukandamizia karatasi.

Kadi ni 40, nane kwa kila karatasi ya A4, kwa hiyo karatasi tano. Ziandike hivi, kila kundi na herufi yake pembeni:

A, kadi 5: mwanamume mzungu mwenye shamba la kutosha.
B, kadi 6: mwanamume mzungu, fundi au mkulima mdogo, halitoshi shamba lake lakini analipa kodi.
C, kadi 5: mwanamume mzungu kibarua, hana shamba, halipi kodi.
D, kadi 2: mjane mzungu mwenye mali yake mwenyewe.
E, kadi 12: mwanamke mzungu aliyeolewa, au asiye na mali.
F, kadi 1: mwanamume mweusi huru mwenye shamba la dola 300.
G, kadi 2: mwanamume mweusi huru asiye na shamba.
H, kadi 5: mtu aliyefungwa utumwani.
I, kadi 2: mwenyeji wa asili wa nchi, kwa mfano Mcherokee.

Waambie mapema kwamba uwiano huu ni wa mchezo, si sensa ya jimbo lolote. Ukiwa na wanafunzi 50, waliozidi wawe makarani, wahesabu kura na waandishi wa magazeti. Usiongeze kadi, maana hesabu za hapa chini zitavurugika.

Kadi zichanganywe na kugawiwa kifudifudi, msichana apate A, mvulana apate E. Ukigawa kwa jinsia, darasa litaishia kwenye kelele za wavulana na wasichana. Kadi za H zina tahadhari yake. Pwani yetu hii, na Pangani iko hapo tu kusini, neno "mtumwa" bado linaweza kugeuka jina la utani la mtoto hadi amalize shule. Mwenye kadi ya H asiigize chochote: asimame nje ya kamba, ashike kadi yake, basi. Kadi zote zikusanywe kabla kengele haijalia, na mtu asiitwe kwa herufi yake nje ya zoezi.

Sehemu ya kwanza: kuingia na kutoka kwenye kamba (dakika 30)

Wote wasimame nje ya duara. Karani asome sharti la jimbo na mwaka, kila mtu aangalie kadi yake, aingie au abaki. Usiwasaidie kuamua. Wakosee, wenzao wawarekebishe.

Raundi ya kwanza ni New Jersey kabla ya 1807. Katiba yake ya 1776 ilitaja wakazi wote wenye mali ya paundi 50, bila kutaja jinsia wala rangi. Wanaingia A wote, D wote na F: watu 8. Hapa patatokea ubishi kuhusu E. Mke wa tajiri je? Haingii, kwa sababu mali ya mwanamke aliyeolewa ilihesabiwa ya mumewe. Wanawake waliopiga kura New Jersey walikuwa wajane na wasioolewa.

Raundi ya pili ni New Jersey ileile, Novemba 1807. Mapema mwaka huo kaunti ya Essex iligombana kuhusu mahali pa kujenga mahakama, Newark au Elizabethtown, na uchaguzi wa kuamua jambo hilo ulijaa lawama za watu kupiga kura zaidi ya mara moja. Bunge la jimbo likatumia nafasi hiyo kupitisha sheria mpya: apige kura mwanamume, mzungu, huru, na aliyemo kwenye orodha ya kodi ahesabiwe kuwa ametimiza sharti la mali. B sita wanaingia. D wawili na F wanatoka. Duara lina watu 11.

Simamisha kila kitu hapo. Usiende raundi ya tatu kwa haraka, maana hapa ndipo penye somo zima. Idadi imepanda kutoka 8 hadi 11, na mtu anayetazama namba tu atasema haki imepanuka. Muulize mwenye kadi F anaonaje. Muulize na mmoja wa B. Sheria moja, siku moja, imemwingiza fundi wa kizungu na kumtoa mjane, na kipimo kimehama kutoka mali kwenda rangi na jinsia. Andika ubaoni: 8, 11, na chini yake "waliotoka 3". Dakika tano za kubishana hapa si nyingi.

Raundi ya tatu ni New York baada ya 1826. Mkutano wa katiba wa 1821 uliondoa sharti la mali kwa wazungu, ukabakiza kodi, utumishi wa mgambo au kazi ya barabara. Na mwaka 1826 hata hayo yakaondoka. Mtu mweusi peke yake ndiye aliyebakiziwa sharti la mali isiyohamishika ya dola 250. Wanaingia A, B na C, jumla 16, pamoja na F kwa sababu shamba lake ni la dola 300. Jumla 17. G wawili wanabaki nje wakimtazama C, ambaye mfukoni hana kitu kuwazidi.

Ukiwa na wanafunzi wa mdahalo, tumia raundi hii. Upande mmoja uchukue hoja ya Chansela James Kent, jaji wa New York, aliyetaka wenye mashamba wabaki na nguvu yao kwenye seneti ya jimbo, akihofia mji wa New York utajaa maskini watakaopiga kura dhidi ya mali za wengine. Upande wa pili uchukue hoja ya watu waliobeba bunduki katika vita vya 1812 wakarudi nyumbani bila kura. Dakika tatu kila upande zinatosha. Na kuna sababu ambayo haina ushairi wowote: majimbo mapya ya magharibi, kama Indiana (1816) na Illinois (1818), yalianza bila sharti la mali kwa sababu yalitaka walowezi. Jimbo la zamani linalobana kura linapoteza watu.

Kabla hujatoka raundi ya tatu, geukia kadi za H. Kwa katiba ya nchi, watu watano walio utumwani walihesabiwa kama watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, na kwa hiyo katika idadi ya wajumbe wanaomchagua rais. Weka kunde tatu mbele ya hao watano, kisha ziokote uwape A. Hakuna maelezo zaidi yanayohitajika. Onya tu kwamba mzigo huu ulikuwa mkubwa kusini, ingawa utumwa ulikuwepo New York pia mpaka 4 Julai 1827.

Raundi ya nne ni fupi: Rhode Island, 1841. Jimbo lilikuwa bado linaongozwa na hati ya mfalme wa Uingereza ya 1663, na sharti la ardhi ya dola 134, kwa wanaume wazungu tu. Wanabaki A tu, watu 5. Lengo ni kuua dhana kwamba majimbo yote yalitembea pamoja. Hapo ndipo Thomas Dorr na wenzake walipojiandikia katiba yao bila ruhusa, wakawa na serikali mbili kwenye jimbo moja mwaka 1842, na uasi ukazimwa. Lakini katiba mpya ilianza kazi 1843. Virginia iliendelea na sharti la mali hadi mwanzoni mwa miaka ya 1850. Kwa upande wa pili, North Carolina 1835 na Pennsylvania 1838 ziliwafutia kura watu weusi huru waliokuwa nayo.

Ubaoni sasa pana 8, 11, 17, 5. Hapo ndipo pa kuuliza kuhusu kura tatu ya Tanganyika. Jimbo la Tanga lilipiga kura katika awamu ya kwanza, Septemba 1958, baada ya TANU kukubali kushiriki kwa ule uamuzi wa busara wa Tabora. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato, elimu au cheo, na achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wanafunzi wapange: hilo lilikuwa sharti la mali, la rangi, au yote mawili? Wasipoelewana, vizuri.

Sehemu ya pili: kunde za 1824 (dakika 20)

Kaeni kuzunguka mkeka. Kunde 261 ni wajumbe wa uchaguzi. Anayetaka urais anahitaji zaidi ya nusu, yaani 131. Gawa mafungu manne: Andrew Jackson 99, John Quincy Adams 84, William Crawford 41, Henry Clay 37. Mtu wa kwanza kuuliza "sasa nani kashinda?" ndiye aliyekuwa akisikiliza. Hakuna aliyeshinda, Jackson amepungukiwa 32.

Eleza kwa ufupi kwa nini wote wanne walitoka chama kimoja. Wafederali, chama pinzani, walikuwa wamekwisha nguvu, wakabaki Warepublican wa Jefferson peke yao. Mgombea wao alizoea kuteuliwa na kikao cha wabunge wa chama mjini Washington, na kikao cha 1824 kilihudhuriwa na watu 66 tu, kikamtaja Crawford. Wengine watatu wakapuuza. Angalia mtego wa jina: hao Warepublican si chama cha Republican cha leo, kilichozaliwa miaka ya 1850. Mwanafunzi akichanganya hapa, insha yake yote itakwenda mrama.

Asipopatikana mwenye nusu, Baraza la Wawakilishi huchagua kati ya watatu wa juu, kila jimbo kura moja. Ondoa fungu la Clay. Leta vifuniko 24 vya soda. Kosa la kawaida ni wanafunzi kuchukua kunde 37 za Clay na kumpa Adams. Haikuwa hivyo, kunde hazihami. Kilichohama ni vifuniko: Kentucky, Ohio na Missouri, ambako Clay alikuwa ameshinda, zilimpigia Adams, na Kentucky ilifanya hivyo ingawa bunge lake la jimbo lilikuwa limewataka wawakilishi wake wamchague Jackson. Matokeo ya 9 Februari 1825: Adams 13, Jackson 7, Crawford 4. Adams akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na wafuasi wa Jackson wakapata kilio cha miaka minne: kwamba wawili hao waliuziana urais.

Sehemu ya tatu: chama kinavyoundwa (dakika 25)

Rudisha kunde zote kwenye fungu moja, uzigawe upya: 1828, Jackson 178, Adams 83. Jumla ni ileile 261. Swali la sehemu hii ni nini kilitokea katikati.

Simamisha darasa zima, wote 40, wawe wanaume wenye haki ya kura. Kwa 1824 waketi wote isipokuwa 11: ndiyo hali ya waliojitokeza, asilimia 27 hivi. Kwa 1828 wasimame 23, kama asilimia 57. Kwa 1840 wasimame 32, asilimia 80. Wengi wa hao waliosimama 1828 hawakupewa haki na sheria mpya. Walikuwa nayo 1824 wakabaki majumbani. Sheria ilikuwa imefungua mlango, lakini chama ndicho kilichokwenda kumtoa mtu shambani.

Hapa kuna kosa ambalo hata vitabu hulifanya. Kura zilipanda kutoka kama 360,000 mwaka 1824 hadi zaidi ya milioni 1.1 mwaka 1828, na mwanafunzi ataandika kwamba haki ilipanuka mara tatu. Mrekebishe. Mwaka 1824 majimbo 6 kati ya 24, New York ikiwemo, yalikuwa bado yanateua wajumbe kupitia bunge la jimbo. 1828 yalibaki mawili, Delaware na South Carolina. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni watu kupewa nafasi ya kumchagua mjumbe, na sehemu kubwa ni ushindani na kazi ya chama.

Kazi hiyo aliijua Martin Van Buren, mwanasiasa wa New York aliyemuunga mkono Jackson, kuliko mtu yeyote. Unda makundi mawili, Wademokrati (chama cha Jackson) na wafuasi wa Adams, na kila kundi liwe na kamati ya kaunti, mhariri wa gazeti, mchapaji wa kura na wapiga debe. Ndiyo, mchapaji wa kura. Serikali haikuchapisha karatasi za kura. Chama chenyewe kilichapisha orodha ya wagombea wake na kumpa mpiga kura mkononi, na mahakama kuu ya Massachusetts ilikubali kura ya kuchapwa mwaka 1829. Kundi moja lichukue vipande vya waridi, lingine vya njano. Kila mpiga kura aandamane na mpiga debe hadi kwenye ndoo, anyanyue kipande chake juu, akidumbukize. Wanafunzi watajaribu kukunja na kuficha, maana ndivyo walivyozoea uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Wazuie. Kura ya siri iliyochapwa na serikali ilianza kuenea Marekani tangu 1888 tu.

Wape na raundi moja ya Kentucky au Virginia, ambako mtu alitamka jina la mgombea kwa sauti mbele ya karani. Katika kundi la A na C, mfanye A awe mwajiri wa C na asimame hatua mbili kutoka kwa karani. Tazama C anavyomeza mate kabla ya kutamka. Aliyewahi kusikia habari za kura ya mlolongo ya Kenya mwaka 1988 atalielewa haraka.

Mikutano mikuu ya kuteua wagombea ipite upesi: ya kwanza ya kitaifa iliitishwa na chama cha Waliopinga Umasoni, Baltimore, Septemba 1831, na Wademokrati wakaiga hukohuko Mei 1832. Vyeo vya serikali kupewa wafuasi ni jambo ambalo wanafunzi hawahitaji kufafanuliwa.

Malizia na 1840. Ongeza kunde 33, ziwe 294: William Henry Harrison wa Wawhig, chama kilichowapinga Wademokrati, 234; Van Buren, Mdemokrati aliyekuwa rais wakati huo, 60. Uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1837, lakini Wawhig hawakutegemea hilo peke yake. Gazeti la Wademokrati lilimkejeli Harrison kwamba apewe pipa la pombe ya tufaha na pensheni, atulie kwenye kibanda chake cha magogo. Wawhig wakakigeuza kibanda kuwa nembo, wakakibeba kwenye maandamano, wakamwaga pombe hiyo, wakabiringisha mipira mikubwa mji hadi mji. Harrison mwenyewe alizaliwa kwenye familia ya wenye mashamba makubwa Virginia, baba yake akiwa mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru.

Zoezi lake ni hili: kila kundi litunge jina la kanga kwa upande wake, maneno yasizidi manane, bila kumtaja mgombea. Wawhig watapata kazi rahisi, kibanda kinatungika. Wademokrati wahangaike kidogo. Liandikwe kwenye manila kwa herufi kubwa, makundi yapige kura ya siri safari hii, kwa kukunja karatasi.

Kazi ya nyumbani isizidi ukurasa mmoja: mwanafunzi achague raundi moja kati ya nne, aandike kama mtu mwenye kadi aliyokuwa nayo, ataje jimbo, mwaka, sharti na sababu ya kuingia au kubaki nje. Sahihisha kwa mambo hayo manne, alama tano kila moja. Asiyetaja jimbo asipewe alama ya sharti, maana bila jimbo sharti halina maana. Mwenye mzee nyumbani aliyepiga kura tatu amuulize alitimiza sharti lipi, kipato, elimu au cheo, na nani wa nyumba hiyo hakutimiza.

Hesabu kadi zirudi 40 na vifuniko 24. Kunde zilizopita mikononi mwa watu 40 ziende kwa kuku.